Saa Moja ya Kunisubiri

Kaka yangu aliondoka Dar es Salaam siku moja kabla yangu, na akafika Mpanda saa nne baada yangu. Tulikuwa tunakwenda kumzika mtu mmoja: bibi yetu, mama mzaa baba, aliyetulea sote wawili tangu kaka akiwa darasa la pili na mimi sijaanza hata kusoma. Mimi nilimzika. Kaka hakumzika.

Simu ilikuja Jumatatu saa nne usiku, mwezi wa sita. Kabla hata sijalia vizuri nilikuwa nimeshaandika kwenye simu swali ambalo nadhani watu wengi wa kwetu wamewahi kuliandika: Dar es Salaam hadi Mpanda, ndege, muda gani. Jibu lilikuja haraka. Kilomita 900 hivi kwa mstari mnyoofu, saa moja na dakika arobaini na kitu kwa ndege ya mapangaboi, kama haitui njiani.

Namba hizo ni za kweli. Nimezihakikisha baadaye mwenyewe, kwa latitudo na longitudo za viwanja viwili na kikokotoo. Lakini ni umbali kati ya viwanja, na hakuna mtu anayeishi kiwanjani. Kwa barabara, ukipita Dodoma, Manyoni, Itigi na Tabora, ni kama kilomita 1,200. Kwa reli ni zaidi ya 1,100, na pale Tabora unaweza kukaa kituoni mpaka ukawajua wauza chai kwa majina. Kwa hiyo kuna Mpanda tatu, na kila mmoja wetu anakwenda ile anayoweza kuilipia.

Kaka ni fundi wa kuchomelea mageti, Mbagala. Nilipompigia usiku ule alikuwa ameshapata habari. Nikamwambia Jumatano kuna ndege. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nitatangulia na basi mdogo wangu. Napenda kuona njia."

Sijawahi kumsikia kaka akisema anapenda kuona njia. Nilielewa alichosema na nilielewa asichosema, na nikaitikia kwa upole, kana kwamba sote wawili tunaongelea mandhari. Kwenye simu nilikuwa na fedha ya tiketi yangu na ziada kidogo. Ningekopa kazini asubuhi, tungepata ya pili. Sikuuliza hata kama kuna viti viwili.

Saa kumi na moja alfajiri ya Jumanne alikuwa stendi ya Magufuli, Mbezi. Jioni ile, basi likiwa limeshapita Itigi na kuingia kwenye vichaka, likakata pumzi. Kifaa kikaagizwa Dodoma. Walilala pale, wengine ndani ya basi na wengine chini kwenye kanga, hadi Jumatano saa nne asubuhi. Mimi saa hizo nilikuwa uwanja wa ndege nakunywa chai ya bei ya chakula cha siku mbili. Kwa hesabu yangu nilimpita akiwa maeneo ya Sikonge, yeye barabarani akitazama miombo, mimi juu nikitazama mawingu.

*

Bibi alikuwa na neno lake moja kuhusu safari: mbali. Alilitamka kwa kuivuta ile "a", mkono ukielekea mashariki. Aliingia Mpanda akiwa msichana aliyeolewa, kwa treni, kwenye tawi la reli linalochepuka Kaliua. Tawi lile halikujengwa kwa ajili ya kumbeba bibi wala mtu mwingine yeyote. Lilijengwa wakati wa Mwingereza kwa sababu ya madini ya risasi yaliyochimbwa Mpanda. Babu alikuwa na kazi huko mgodini. Risasi ilipokwisha faida, reli ikabaki na watu.

Miaka ya sabini mdogo wake bibi, aliyekuwa kuli bandarini, alifariki Dar es Salaam. Barua ilifika wiki tatu baadaye. Bibi alitusimulia mara nyingi jinsi alivyoipokea: akamwomba mwalimu jirani aisome, mwalimu akasoma mstari wa kwanza na kuikunja tena. Wakaweka tanga bila maiti. Majirani wakaja na unga na kuni, wakalala chini siku tatu, wakamlilia mtu aliyekuwa ameshazikwa siku nyingi na watu wasiowajua. Na hakuna, si siku ile wala baadaye, aliyemuuliza bibi kwa nini hakwenda. Ilikuwa mbali. Sentensi ikaishia hapo.

Nimelifikiria sana neno hilo tangu mwezi ule wa sita. Lilikuwa kama blanketi kubwa, linawafunika wote. Aliyekosa nauli alikuwa chini yake, aliyekosa ruhusa kwa mwajiri alikuwa chini yake, na hata yule asiyempenda marehemu alijificha humo humo. Ukisema "ni mbali" hujasema una nini mfukoni wala una nini moyoni. Umesema jambo linalohusu ardhi. Na ardhi haimwaibishi mtu.

Watu wa Katavi wana sababu ya kulijua neno hili kwa kina. Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, alikotoka ukoo wa upande wa babu, kuna kumbukumbu ya Adrian Atiman. Alizaliwa maeneo ya Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe, wakampeleka Malta kusomea utabibu. Alifika Karema mwaka 1889 na msafara kutoka pwani, akaoa pale, akatibu watu pale hadi alipofariki mwaka 1956. Nyumbani kwao kulikuwa kule ukingoni mwa Sahara. Nani angethubutu kumuuliza mtu yule alikuwa wapi mama yake alipozikwa?

Na si lazima iwe Sahara. Kutoka Mpanda mjini hadi Bujumbura kwa mstari mnyoofu ni chini ya kilomita 400, hata nusu ya umbali wa Dar es Salaam haifiki. Lakini wazee waliokimbia Burundi mwaka 1972 na kupewa mashamba Katumba, na baadaye Mishamo, walikaa miongo wakisikia habari za vifo vya ndugu zao kwa redio na kwa minong'ono. Huko nako kulikuwa mbali, ingawa kwenye ramani unakufunika kwa kidole gumba.

*

Sasa kiwanja cha Mpanda kina lami, karibu kilomita mbili za kurukia. Mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 2012, ukikatwa kutoka Rukwa, na mambo mengi yakaja nao: ofisi, magari, wageni wenye mabegi ya magurudumu. Barabara ya Tabora kupitia Koga, ambayo zamani wakati wa masika ilikuwa sala tu, nayo imewekwa lami. Sina ugomvi na hata kimoja kati ya hivi. Namjua mama aliyetolewa Mpanda kwa ndege hadi Muhimbili na akarudi kwa miguu yake. Anayetamani zile siku za barua za wiki tatu hajamwona bibi akiishika barua ile iliyokunjwa.

Ila kuna jambo moja limetokea bila kutangazwa, na nadhani ni jambo la maadili zaidi kuliko la usafiri.

Immanuel Kant, mwanafalsafa ambaye maisha yake yote hakuusogea mbali mji wake wa Königsberg, anahusishwa na wazo kwamba huwezi kudaiwa usichoweza. Wajibu unafika pale uwezo unapofika. Kama siwezi kuogelea, hunilaumu kwa kutomwokoa anayezama kilindini. Wazo hilo ni la huruma, na bibi alikuwa akiishi ndani yake bila kulisoma: hakuweza kufika Dar es Salaam kabla ya mazishi, basi hakudaiwa.

Ligeuze sasa. Uwezo ukiongezeka, deni nalo linaongezeka. Siku ndege ya kwanza ya abiria ilipotua kwenye lami ile, kila mtoto wa Mpanda aliyeko Dar es Salaam aliongezewa wajibu ambao hakuuomba. Kuanzia siku hiyo kukosa mazishi ya bibi yako si jambo la ardhi tena. Ndege ipo. Mama mdogo alilisema hilo kabisa kwenye simu usiku ule, na hakuwa na nia mbaya: "Siku hizi ndege zipo mwanangu, si mbali."

Lakini uwezo ulioongezeka ni wa nani? Ndege ipo kwa mwenye nauli ya ndege. Wajibu ukaenea kwa wote, uwezo ukaenea kwa wachache, na katikati ya hivyo viwili akabaki mtu kama kaka yangu. Zamani angesema "ni mbali" na ingekuwa kweli. Leo akisema hivyo atakuwa anadanganya. Imebaki kweli moja tu, "sina", na hiyo si kila mwanamume mwenye miaka arobaini anaweza kuitamka mbele ya mdogo wake. Kwa hiyo anasema anapenda kuona njia.

Mwaka ule ule wa 1972, watu wakivuka mpaka kutoka Burundi, mwanafalsafa mmoja kijana, Peter Singer, alichapisha makala iliyokuja kusomwa sana vyuoni. Nami niliisoma mwaka wa pili, na nilimwamini. Alikuwa akiandika juu ya njaa ya watu wa Bengali, na hoja yake ni kwamba umbali haupunguzi wajibu: mtoto anayekufa maelfu ya kilomita kutoka kwako ana haki kwako sawa na mtoto anayezama dimbwini mbele ya macho yako. Kwa habari ya fedha bado naona ana haki. Fedha haina mwili. Rambirambi yangu ilifika Mpanda kwa simu kabla chai yangu haijapoa, na ya kaka, ndogo kuliko yangu, ilifika kwa kasi ile ile. Katika hilo tulikuwa sawa kwa sekunde kadhaa.

Ila mazishi hayadai fedha peke yake. Yanadai mabega ya kubeba jeneza, na kiganja cha udongo. Deni hilo halitumwi kwa simu, halina wakala, na njia yake bado ina kilomita. Singer hakuandika juu ya deni la namna hiyo, nami simlaumu. Nasema tu kwamba ukitoka kwenye fedha ukaingia kwenye mwili, umbali unarudi wote, na safari hii una bei imebandikwa juu yake.

*

Mazishi yalikuwa yamepangwa Jumatano: misa saa nane, kisha makaburini. Saa nane ilichaguliwa kwa sababu ndege yangu ilitarajiwa kutua saa saba. Basi la kaka lilihesabiwa kuwa litakuwa limefika tangu alfajiri, kwa hiyo hakuna aliyelifikiria.

Ndege ilichelewa saa moja. Nilimpigia baba mkubwa kabla ya kupanda, na kabla sijamaliza kuomba radhi alinikatiza: "Usiwe na wasiwasi, tumeshaongea na padri. Tutasogeza iwe saa tisa." Kaka naye alikuwa amepiga, mapema zaidi, akiwa porini kule. Akaambiwa ajitahidi.

Nilitua saa nane, nikapanda bajaji, nikafika nyumbani watu wakanyanyuka. Nakumbuka kwamba walinyanyuka. Nikapelekwa ndani kumwona bibi. Nilipotoka nikamuuliza baba mkubwa habari za kaka. Akasema basi limetoka Tabora. Nikauliza, tutamngoja?

"Ndege ina saa yake," akasema. "Basi halina saa."

Ndege niliyotoka kushuka ilikuwa imechelewa saa moja nzima. Sikusema hivyo. Na ili nisiwaonee wazee, walikuwa na sababu za kweli: padri alikuwa na ibada nyingine jioni, ndugu wa Karema walikuwa na gari la kukodi linalotaka kurudi mchana, na bibi alikuwa ametolewa mochwari tangu asubuhi. Kila sababu ilisimama yenyewe. Lakini sababu zote zile zilikuwepo pia saa mbili kabla, wakati saa nane iligeuzwa kuwa saa tisa, na wakati ule hakuna aliyezitaja.

Nimejaribu kujieleza kwa nini. Nadhani kuchelewa kwa ndege ni tukio, linatangazwa, lina mtu mwenye sare anayeliomba radhi. Kuchelewa kwa basi ni tabia ya dunia, na anayelipanda anahesabiwa kuwa alijitakia. Tena aliyelipa zaidi ili afike anaonekana amekusudia zaidi kufika. Ukinisukuma zaidi nitakubali hata lile nisilopenda: rambirambi yangu ndiyo iliyonunua jeneza. Hakuna aliyesema mnunuzi wa jeneza asubiriwe. Halikuhitaji kusemwa.

Ningeweza kupima kinyume chake. Kaka alitumia saa thelathini na saba njiani. Mimi, toka mlango wa nyumba yangu hadi mlango wa bibi, sikufikisha saa sita. Kama upendo unapimwa kwa saa zilizotolewa, kaka alimpenda bibi mara sita yangu. Niliwahi kuipenda hesabu hii, kisha nikaiacha. Inamfanya masikini mtakatifu kwa kulala chini porini, ilhali angepewa tiketi angepanda ndege kama mimi na kulalamikia chai. Mateso ya safari hayakuwa zawadi yake kwa bibi; alikosa tu tiketi.

Nilichodaiwa mimi pale uani hakikuwa kilomita wala shilingi. Ilikuwa sentensi moja: mmenisubiri mimi, tumsubiri na yeye. Nilikuwa na uwezo wa kuisema. Nilikuwa mtu pekee pale mwenye uwezo huo, kwa sababu ndiye niliyesubiriwa, na mtu aliyesogezewa saa ana haki ya kuisogeza tena. Kwa kipimo cha Kant, basi, nilikuwa na wajibu kamili. Niliangalia viatu vyangu. Wakatoa jeneza.

*

Kuna namba nyingine ambayo simu haikunipa usiku ule. Saa za Afrika Mashariki zinafuata longitudo ya 45, mstari unaopita karibu na Mogadishu, mashariki ya Tanzania yote. Dar es Salaam iko kwenye 39, Mpanda kwenye 31. Nyuzi nane za katikati ni kama nusu saa ya jua. Saa za ukutani zinafanana, jua halifanani: Mpanda jua la utosi linakaribia saa saba mchana, na mwezi wa sita, giza linapoanza kuingia Dar es Salaam saa kumi na mbili na robo, Mpanda bado wana nusu saa nzima ya mwanga. Waislamu wa Mpanda wanalijua hili kila Ramadhani, wanaposikia Dar es Salaam ikifuturu redioni na wao tende bado ziko kwenye sahani.

Kaka alifika saa kumi na mbili na robo. Kila mtu kwenye ukoo wetu, mimi nikiwemo, alikuwa amehesabu kwamba muda huo kutakuwa kunaingia giza na haifai kuzika. Jua lilikuwa limekaa juu ya miembe, jekundu, halina haraka.

Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliwasalimia wazee mmoja mmoja, akawapa pole, akapewa pole, akanywa maji. Kisha akaniambia nimpeleke. Tukaenda kwa miguu, si mbali kutoka nyumbani. Kaburi lilikuwa na udongo mpya na mashada, na kigae cha chungu ambacho mtu alikisahau pale. Akasimama upande wa miguu. Nami nikasimama nyuma yake kidogo.

"Walikusubiri?" akauliza, bila kugeuka.

"Walinisubiri."

"Muda gani?"

"Saa moja."

Akatikisa kichwa kama mtu anayepewa bei ya nondo na kuiona ni ya kawaida. Akachuchumaa, akaokota kigae kile, akakiweka pembeni. Jua lilikuwa bado lipo. Alikaa hivyo mpaka lilipozama, na safari hii nilimsubiri.